Baiskeli ya Kusukumwa

Filipo alipoileta baiskeli kutoka mjini, aliileta kwa miguu. Alitembea kando yake kama mtu anayemsindikiza mgeni wa heshima, na kila alipokuta watu njiani alipiga kengele, akasimama, akawapa nafasi ya kuitazama. Ilikuwa nyeusi, ya Kichina, na makaratasi ya dukani yalikuwa bado yamezungushiwa mabomba yake. Alipofika Unyambwa alikuwa na nusu ya kijiji nyuma yake, na mke wake Yunisi, aliyekuwa akitwanga uwele uani, alidhani kuna msiba.

"Mama Raheli," Filipo alisema, akijikaza asitabasamu, "toka uone miguu yako mipya."

Yunisi aliuacha mchi kinuni akapiga kigelegele kilichosikika mpaka shuleni. Alikuwa na haki. Wakati wa Operesheni Vijiji walihamishwa pamoja na wenzao, nyumba zikapangwa mistari kando ya barabara, karibu na shule na bomba la maji. Hayo yalikuwa mazuri. Lakini shamba lao la mtama lilibaki kule walikotoka, ng'ambo ya vilima vya mawe, na kwenda huko kulikuwa safari: unatoka na giza, jua linakukuta njiani. Halafu kulikuwa na maziwa, ambayo Yunisi aliyapeleka mjini kila asubuhi kichwani, na siku za joto yalianza kuganda kabla hajafika kwa wateja. Ndiyo maana waliuza mtama wa ziada na beberu mmoja, wakakubaliana kununua baiskeli.

Asubuhi iliyofuata Yunisi alijifunga khanga vizuri, tayari kupakiwa. Akakuta Filipo amefunga majembe kwenye keria.

"Leo tuisukume kwanza," Filipo alisema. "Tairi bado jipya. Halijaijua njia."

Yunisi aliona ni neno la busara. Yeye alijua nini kuhusu matairi? Wakaenda, Filipo na baiskeli mbele, Yunisi nyuma. Kesho yake njia ilikuwa na mchanga mwingi. Siku nyingine upepo ulivuma kutoka mashariki, ule upepo wetu wa kipupwe, na Filipo akaeleza kwamba upepo wa namna hiyo humpeperusha mtu pamoja na chombo chake. Mchanga na upepo vilipokosekana, breki zilikuwa bado ngumu. Baiskeli ikasukumwa kwenda shambani, ikasukumwa kurudi, na Jumapili ikapakwa mafuta ya alizeti ikang'aa, ikasukumwa kanisani.

Jioni moja jirani yao Simeoni, aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, alipita na kusema, "Kaka Filipo, niazime nifike dukani mara moja. Chumvi imeisha nyumbani."

Jirani hanyimwi kwa ajili ya chumvi. Filipo akampa. Simeoni alikanyaga pedali kwa mguu mmoja, akarusha mwingine juu ya keria, akaondoka huku ameachia usukani, anapiga mluzi. Yunisi hakumtazama Simeoni. Alimtazama mumewe. Filipo alisimama mlangoni na uso wa mtu anayemwangalia mwenzake akila, naye ana njaa, ila ameshasema ameshiba.

Hapo Yunisi akaelewa. Filipo hakujua kuendesha baiskeli. Hakuwahi kujua.

Filipo alikuwa mume mwema, mchapakazi, ambaye kosa lake lilikuwa moja tu: hakuweza kuvumilia kuonekana ameshindwa. Na mwanamume akishajisifu mbele ya kijiji kizima, kumtoa humo kunataka mikono laini. Yunisi aligeuza ugali, akatenga chakula, wakala.

Asubuhi alipeleka maziwa mjini kama kawaida. Nyumba yake ya mwisho ilikuwa ya Prabhudas mwenye duka la vitambaa, na aliyempokelea maziwa mlango wa nyuma miaka yote hiyo alikuwa mke wake, Vasanti. Walikuwa wameanza kwa kusalimiana, wakafika kwenye kuulizana habari za watoto, na sasa Yunisi hakuondoka pale bila kunywa chai. Siku hiyo alimkuta Vasanti amekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu.

"Ugonjwa wa sukari, mama Raheli," Vasanti alisema. "Daktari anasema mwili ufanye kazi kila siku. Nitembee. Nitembee niende wapi? Duka liko mbele, jiko liko nyuma. Jana nimezunguka uani, Anil mwanangu akaniuliza nimepoteza nini."

Yunisi akaona amtoe huzuni, akamsimulia habari za baiskeli ya kusukumwa: tairi lisilojua njia, upepo, breki. Vasanti alicheka mpaka maji yakamwagika kwenye beseni. Kisha akajifuta macho.

"Mimi nilikuwa naendesha," alisema.

"Wewe, mama Anil?"

"Kondoa, kabla sijaolewa. Kaka yangu akilala mchana, mimi nachukua baiskeli yake. Mama alinipiga kwa mwiko, nikarudia tena." Alitoa miguu kwenye maji. "Ilete. Kule kando ya ziwa maji yamerudi nyuma, pamekauka, pagumu kama sakafu. Nitakufundisha. Na wewe ukijua, utajua la kufanya na mume wako."

Kuipata baiskeli haikuwa kazi. Siku za zamu ya shamba la kijiji Filipo aliiacha nyumbani. Yunisi alimwambia, "Baba Raheli, siku hizo niisukume mimi. Nifunge maziwa kwenye keria, shingo yangu ipumzike."

"Isukume tu," Filipo alisema, akafurahi kweli kweli. "Lakini usijaribu kupanda, mama. Ni chombo cha hatari."

"Nipande mimi?" alisema Yunisi.

Ukingo wa Ziwa Singidani ulikuwa mweupe kwa chumvi, na ndege aina ya heroe walisimama majini kwa mamia, kila mmoja na shughuli zake. Vasanti alitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Akapitisha pindo la sari katikati ya miguu, akalichomeka kiunoni, akasema, "Nishikie." Alipanda. Aliyumba kulia, akayumba kushoto, bangili zikagongana, akatukana kidogo kwa Kigujarati, kisha baiskeli ikanyooka yenyewe. Akaenda. Alikwenda mpaka akawa mdogo kule mbali, akageuka, akarudi na msuko wa nywele ukipepea nyuma, machozi yanamtoka na anacheka.

"Mwili haujasahau!" alipiga kelele. "Umeona? Haujasahau!" Halafu ilibidi akae juu ya jiwe kwa muda mrefu, ashike kifua, apumue.

Mwili wa Yunisi haukuwa na cha kukumbuka. Siku ya kwanza mnyororo ulimeza pindo la khanga yake, wakaanguka wote watatu, yeye, Vasanti na baiskeli. Siku ya pili alivaa ndani kaptula ya kaki ya Filipo, ile ya zamani, na khanga akaipandisha juu ya magoti. Vasanti alikimbia nyuma yake ameshika keria, anahema, anapaza sauti, "Usitazame gurudumu! Tazama mbele! Ukilitazama jiwe, utaligonga jiwe!" Yunisi akalitazama jiwe, akaligonga.

"Umeumia wapi hapo?" Filipo aliuliza usiku ule, alipoona goti lake.

"Nilianguka njiani."

"Pole. Na kaptula yangu ya kaki umeiona?"

"Panya, baba Raheli. Panya wa mwaka huu hawana adabu."

Ikaja siku ambayo Vasanti aliachia keria bila kusema. Yunisi aliendelea kukanyaga, akiamini ameshikwa, akilalamika kwamba anasukumwa kwa nguvu mno. Hakujibiwa. Akageuza shingo, akamwona mama Anil amesimama mbali kabisa, mikono kiunoni. Alitaka kuogopa, lakini hofu haikupata nafasi. Upepo ulikuwa masikioni, ardhi ilikuwa inapita chini yake bila miguu yake kuigusa, naye mwanamke wa makamo aliyezaa na kulea, aliyebeba kuni na maji na maziwa tangu utoto wake, alikuwa habebi kitu chochote. Kitu kilikuwa kinambeba yeye. Akapiga yowe la furaha, na heroe wote wakaruka, ziwa likafunikwa na rangi ya waridi.

Isifikiriwe kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mteremko. Miiba ya migunga ilitoboa tairi, akasukuma mpaka kwa fundi Manase sokoni, na baada ya kumtembelea mara nyingi akajifunza kuziba pancha mwenyewe. Mchanga ulimkamata na kumlaza chini. Malori yalimpita yakamwagia vumbi, na utingo mmoja alipaza sauti, "Mama, rudi jikoni, ugali unaungua!" Mapaja yaliuma hata kukaa kwenye kigoda ikawa taabu. Lakini maumivu yale yalipokwisha yaliondoka pamoja na yale ya mgongo aliyoyazoea miaka mingi. Alilala kama mtoto. Maziwa yalifika mjini bado mabichi. Naye Vasanti alirudi hospitali, daktari akapima, akapima tena, akamuuliza siku hizi anakula nini.

"Upepo," Vasanti alimjibu.

Kijijini bado Yunisi alishuka kwenye baiskeli kabla ya nyumba ya kwanza, akaisukuma mpaka nyumbani kama ilivyo desturi ya nyumba ile. Alikuwa anatafuta njia ya kumwambia Filipo, na kila alipoipata aliiona haifai. Simeoni ndiye aliyeleta habari jioni moja, amekaa kwao anakula karanga: mjini wanasema kuna wanawake wawili wanaendesha baiskeli kando ya ziwa, mmoja Mhindi.

"Na yule mwingine hana mume?" Filipo aliuliza, akacheka sana. Yunisi alisonga ugali kwa nguvu hadi chungu kikataka kupasuka.

Basi mtama ukakomaa. Mwaka ule ulikuwa umezaa vizuri, vichwa vizito vimeinama, na watu walipeana zamu za kuamia ndege kule ng'ambo ya vilima, kwa kuwa mashamba ya familia nyingi yalipakana huko. Jumapili moja ilikuwa ya mavuno kanisani, kila mtu alitaka kuwepo, na kila mtu alidhani mwenzake ndiye mwenye zamu. Shamba likabaki peke yake.

Watu walikuwa wanatoka ibadani, wanasalimiana nje, Luciana alipotokea mbio kutoka njia ya vilima. Alikuwa jirani yao, na alikuwa amekwenda huko alfajiri kutafuta ndama aliyepotea.

"Kweleakwelea!" alisema, hana pumzi. "Wametua bondeni kwa wenzetu! Wingu zima! Wakimaliza pale wanakuja kwetu!"

Asiyewajua ndege hao atadhani ni jambo dogo, kwa maana mmoja anaenea kiganjani. Lakini wakitua shambani asubuhi, mchana unabaki na mabua. Wanawake walishika vichwa. Mzee Gabrieli, balozi wa nyumba zao kumi, aliangaza macho kati ya watu, yakatua kwenye baiskeli iliyoegemea ukuta, imepakwa mafuta, inang'aa. Simeoni alikuwa Ihanja kwa wakwe zake.

"Filipo mwanangu," mzee alisema, "kwa miguu tutafika wameshashiba. Panda hiyo, utangulie, uwafukuze hata kidogo. Sisi tunakuja nyuma yako."

Watu wakampisha njia. Filipo alikwenda mpaka kwenye baiskeli, akashika usukani. Yunisi alimwona ananyanyua mguu, anauweka kwenye pedali, anautoa. Alimwona anageuka, midomo mikavu, anatafuta mchanga, anatafuta upepo, anatafuta neno lolote na halipati. Na macho yao yalipokutana, Yunisi hakungoja tena.

"Mzee, samahani," alisema, akapiga goti kidogo mbele ya balozi. "Goti la baba Raheli limevimba tangu juzi, analificha tu. Hawezi kukanyaga. Nitatangulia mimi."

Mtu mmoja akacheka. "Wewe? Utaisukuma?"

Yunisi alikuwa ameshaipokea baiskeli mikononi mwa mumewe. Alikusanya gauni lake la kanisani, akalifunga fundo ubavuni. Luciana, bila kuuliza kitu, alifunga debe tupu kwenye keria. Yunisi akasukuma hatua chache, akarusha mguu, akakaa. Nyuma yake ilisikika sauti moja kubwa ya watu wote wakivuta pumzi, na ya Filipo ilikuwa ndani yake.

Upepo ulikuwa wa kumkabili, ule ule uliosingiziwa mengi. Aliinama juu ya usukani akakanyaga. Kwenye mchanga wa korongo alianguka, akaamka, hakujipangusa. Kwenye vilima alishuka akasukuma kati ya mawe makubwa, moyo ukimpiga masikioni, na alipofika juu akaliona bonde lote: mtama wao mwekundu, na upande wa pili kitu kama moshi kinachopanda na kushuka, kinakaribia. Mteremko ule hakuwahi kuushuka isipokuwa kwa miguu. Aliachia breki. Alisema baadaye kwamba aliimba wimbo wa mavuno, lakini Luciana, aliyekuwa nyuma anakimbia, alisema zilikuwa kelele tu.

Ndege wa kwanza walikuwa wameshatua. Yunisi alifungua debe akalipiga kwa jiwe, wakaruka wakatua upande mwingine. Akakimbilia upande mwingine, wakarudi. Ndipo alipolitundika debe mbele kwenye usukani, akapanda, akazunguka shamba kwa kijia cha mpakani, debe linagonga chuma, kengele inalia, yeye mwenyewe anapaza sauti mpaka ikakauka. Wakitua huku, yuko huku. Wakihamia kule, yuko kule. Mzunguko baada ya mzunguko, mapaja yanawaka moto.

Mtu wa kwanza kumfikia alikuwa Filipo. Alishuka mteremko mbio, shati limelowa, viatu vya Jumapili mkononi, akaingia mtamani akipiga makofi na kupiga kelele kama mwendawazimu. Wengine wakamwagika nyuma yake na masufuria, matawi na filimbi. Lile wingu likapanda juu, likasitasita, likageuka, likaenda zake kuelekea porini. Kona moja ya shamba ilibaki mabua matupu. Mtama mwingine wote ulikuwa umesimama.

Mzee Gabrieli alifika wa mwisho, na fimbo yake. Alimtazama Yunisi, akaitazama baiskeli, kisha akamtazama Filipo.

"Goti limepona upesi," alisema.

"Ni maombi, mzee," alijibu Filipo, na watu wakacheka hata walioumia miguu.

Wenzao walipokwenda kukagua mashamba yao, mume na mke walibaki wamekaa kwenye tuta. Filipo alichuma suke, akalipukuchua, akampa mke wake punje.

"Goti langu ni zima," alisema.

"Najua."

"Na lile jambo lingine?"

"Najua, baba Raheli. Tangu siku ile Simeoni alipokwenda kununua chumvi."

Filipo aliangalia chini. "Pale dukani waliniuliza, unajua kuendesha? Watu walikuwa wengi. Nikasema, nani asiyejua? Baadaye nikawa siwezi kurudi." Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Yunisi, aliyedhani analia, akaona kwamba anacheka. "Yule mwanamke wa ziwani! Na mimi nikauliza kama hana mume! Na kaptula yangu? Mama Raheli, wale panya!"

Walicheka mpaka wakaegemeana.

Wiki ile ile Filipo alikwenda ziwani. Alinung'unika njia nzima kwamba hajapata kusikia mwanamume anafundishwa na wanawake wawili, lakini alikwenda. Vasanti alimpokea kwa heshima zote, akamwita shemeji, na dakika ileile akaanza kumpigia kelele: "Mbele, shemeji! Tazama mbele!" Filipo alitazama maji, akaingia majini. Alitoka amelowa, chumvi hadi kwenye nyusi, akapanda tena. Yunisi alimkimbilia nyuma ameshika keria, akaona shingo ya mumewe iliyokakamaa inalegea polepole, na alipoachia hakusema.

Kwenda alikujua haraka. Kushuka ndiko kulikomshinda.

Hilo lilijulikana jioni aliporudi kijijini kwa mara ya kwanza amekaa juu ya tandiko, wakati watu wote wako nje. Mzee Gabrieli alikuwa anapita barabarani, na kila mwenye baiskeli anajua kwamba ukimkuta mtu mzima unashuka kwanza, ndipo unaamkia.

"Shikamoo mzee!" Filipo alisema, akampita.

"Marahaba! Shuka basi tusalimiane!"

"Siwezi kushuka!" Filipo akazunguka shule, kuku wakitawanyika, akarudi. "Shikamoo tena, mzee! Naja!" Akampita tena. Watu walitoka majikoni na miiko yao. Raundi ya tatu baiskeli ilichepuka yenyewe, ikakata kona kwa Luciana, ikaingia katika lundo la makapi ya uwele, na Filipo akazama humo, ikabaki miguu.

Yunisi alikimbia na moyo wake mkononi. Alizijua aibu za mume wake. Alijua jinsi alivyoweza kukaa siku nzima bila kusema kwa sababu ya kujikwaa tu mbele ya watu. Lakini kutoka ndani ya makapi kilisikika kicheko, na Filipo akatoka mweupe kama aliyepakwa unga, anacheka kuliko wote. Alijipangusa, akaenda mpaka kwa mzee Gabrieli, akainama, akampa mikono miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Mzee aliishika mikono ile, hakuiachia. Aliitazama baiskeli, akashusha sauti. "Hivi, kwa umri wangu, hao wanawake wa ziwani wanaweza kumpokea mtu?"

Yunisi aliiinua baiskeli kutoka kwenye makapi. Usukani ulikuwa umepinda. Alilibana gurudumu la mbele katikati ya magoti, akaunyoosha kwa mikono miwili, akajaribu kengele. Ililia vizuri. Nyuma yake wale wanaume wawili walikuwa wameshaanza kubishana nani atatangulia kupanda kesho.